Jibu la Mume Wangu

Mume wangu hajui kujisifu, na kwa miaka mingi niliuona huo kuwa ugonjwa ambao yeye, pamoja na uuguzi wake wote, alishindwa kujitibu. Mimi sikuzaliwa hivyo. Nikipika sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, ikakolea, nasema imekolea kabla mgeni hajaonja. Yeye ukimsifu anageuza uso na kuulizia habari za watoto wako.

Kwetu Kivu ya Kusini alikuwa muuguzi, mwenye zamu yake na koti lake jeupe, na wanawake wajawazito waliulizia kwanza zamu yake ni lini. Tulikimbia, tukapokelewa kituo cha wakimbizi cha Kabazana, tukapewa kiwanja hapa kambini Nakivale, akawa mkulima wa mahindi na maharage kama wengine. Hakulalamika. Lakini nilimwona kila tulipopita mbele ya kituo cha afya. Alipunguza mwendo, akamsalimia mlinzi, akasimama kidogo bila sababu yoyote. Alitaka kazi pale. Majirani waliota Amerika na Kanada, yeye alitaka chumba kile chenye kitanda cha wagonjwa na dirisha lililopasuka. Nami niliitaka kazi hiyo kwa ajili yake kuliko nilivyoitaka nyumba bora.

Shida ilikuwa kusikia. Tangazo la kazi lilibandikwa ubaoni kwenye ofisi za mbali, na habari zilipotufikia sisi, mara nyingi muda wa kuomba ulikuwa umekwisha. Basi niliposikia kwamba kuna ofisi ndogo Mbarara, upande wa Kamukuzi, inayotafuta fedha za wafadhili ili kazi za serikali za mitaa ziombwe kwa simu, nilisema Mungu ametukumbuka. Walihitaji mtu anayejua Kiingereza na Kiswahili chetu cha Kongo. Nilikwenda, nikajisifu sana, nikachukuliwa.

Mkuu wa ofisi alikuwa mama Mwislamu, mzaliwa wa Mbarara, mwenye ushungi uliopigwa pasi hata siku za matope. Alinipenda, nami nikampenda. Tuliandika ombi la ruzuku pamoja, yeye akinukuu maneno ambayo wafadhili huyapenda, uwazi, ufanisi, ujumuishi, mimi nikimweleza namna watu wa kambini wanavyoishi.

“Wewe nyabo, andika vile watu yako naongea,” aliniambia, akiniita bibi kwa lugha ya kwao. “Wazungu nataka kusikia watu.”

Wafadhili walijibu kwamba ombi limewapendeza, ila kabla ya kutoa fedha wanataka jaribio. Nafasi moja ya kazi, ya kweli, itangazwe na iombwe kwa simu mpaka mtu apatikane. Yule mama aliponitajia nafasi yenyewe nilivuta kiti nikakaa. Ilikuwa ya muuguzi, kwenye kituo kile kile cha karibu na kwetu.

Kazi yangu ikawa kutafsiri maswali. Yalikuwa mepesi, masomo, miaka kazini, lugha. Lakini swali la mwisho lilimtaka mwombaji aeleze kwa nini anafaa kuliko waombaji wengine, na papo hapo nilijua ndipo mume wangu atakapokwama. Kwetu, ukiniacha mimi, mtu hajisemei hivyo. Unapeleka barua yako ya heshima, na sifa zako wanazisema wengine, pasta, daktari mkuu, mkubwa wa mtaa. Anayejitapa mwenyewe anaonekana hana wa kumsemea.

“Mama, kwetu mutu hajisifu,” nilimwambia. “Weka fasi ingine, pasta ao daktari amusemee.”

“Hiyo ni ukweli kabisa,” alijibu, na najua alimaanisha. “Pesa ikikuja tutaongeza. Sasa tuache hivi hivi, wazungu walishaona hii.”

Siku ya kujaza maombi tulikwenda na waombaji wa kambini juu ya kilima, penye mtandao. Nilimwachia mume wangu simu. Alikaa nayo muda mrefu kuliko wote, akaandika kwa kidole kimoja, akanipa nisome. Kwenye swali la mwisho alikuwa ameandika hivi: “Hao wengine siwajui, kwa hiyo siwezi kusema ninawapita. Kama yuko anayejua zaidi, mchukueni yeye, ili wagonjwa wapone. Nikipata mimi, nitafika mapema kila siku.”

Nilimvuta pembeni. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuwasha jiko.

“Nani atachukua mutu anasema bachukue mwingine?”

“Juu ya nini niseme uongo? Mi sibajui.”

“Sema tu uko muzuri! Wanawake bote ba kule banajua.”

“Basi baseme bo,” alisema. “Mi siwezi.”

Nilimsihi, nikamtishia, nikamtajia watoto. Alitabasamu tu, kwa upole ule unaoniudhi, akasema jibu ni lake na liende lilivyo. Likaenda.

Baada ya hapo tulingoja. Alianza kuamka mapema zaidi na kwenda shambani kwanza, ili, alivyosema, azoee kufika kwa wakati. Koti lake jeupe la zamani alilifua akalianika mbele ya nyumba, na mtu aliyeuliza hakuambiwa kitu. Sijawahi kumwona na furaha namna ile tangu tuvuke mpaka. Aliificha vibaya.

Wafadhili walikuja Mbarara kusikiliza matokeo ya jaribio. Tulikuwa katika ukumbi wenye chupa za maji mezani, nami nimekaa karibu na mkuu wangu ili nitafsiri, maana alitaka mkutano wote uwe kwa Kiswahili, wazungu wasikie watu. Alieleza jinsi matangazo yalivyofika, jinsi watu walivyoomba bila kulipa nauli. Kisha akasema anataka wasikie sauti ya mkimbizi mmoja, na kwamba ameficha jina. Akaanza kusoma. “Hao wengine siwajui.”

Hakujua ni nani. Alikuwa amelichagua kwa sababu lilimgusa. Akanigeukia, nami nikatafsiri, sentensi baada ya sentensi, maneno ya mtu niliyemwacha asubuhi akikoroga uji wa watoto. Sauti haikunikatika, na mpaka leo sielewi ilitoka wapi. Mwanamke mmoja wa wafadhili alivua miwani akajifuta macho. Mwenzake akauliza kama mtu huyu ndiye aliyepata kazi.

Mkuu wangu alipekua karatasi zake. Akasema hapana. Alama za kwanza zilitolewa na mashine, na kwa swali la mwisho mwombaji huyu alipata chache mno, hivyo hakufika kwenye usaili. Amechukuliwa mwingine, muuguzi mzuri tu. Nikalitafsiri na hilo.

Wafadhili walitikisa vichwa kwa huzuni. Waliandika. Yule wa miwani akasema maneno haya yawekwe ukurasa wa kwanza wa ripoti, na kabla ya chakula tukaambiwa fedha zitatolewa zote. Watu walipiga makofi. Mimi pia nilipiga, mikono ilikuwa hewani tayari.

Nilimwambia yule mama tukiwa barazani. “Ule ni bwana yangu.”

“Woowe!” Alijishika kinywa. “Kwa nini haukusema?”

Ningesema nini, na mbele ya nani? Alinishika mkono, macho yamemjaa maji. Akasema raundi nyingine itakuwepo, na kwamba safari hii nimwambie mume wangu ajisifu, hata kidogo.

Nilifika nyumbani watoto wamekwisha kula. Mume wangu hakuniuliza mpaka nilipovua viatu. Nilimweleza yote, makofi, miwani, ukurasa wa kwanza. Alisikiliza kama anavyomsikiliza mgonjwa, bila kunikatiza.

“Na kazi?”

“Bamechukua mwingine.”

Aliuliza kama huyo mwingine anajua kazi vizuri. Nikasema wanasema anajua. Akauliza tena, kwa sauti ndogo, kama maneno yake yamewasaidia wale watu kupata pesa zao, nikasema ndiyo. Nilitaka akasirike. Nilitaka avunje hata sahani moja, niokote vipande vyake.

Badala yake alivuta kigoda, akakaa mbele yangu.

“Sasa unifundishe,” alisema. “Niseme aje?”

Nami nikamfundisha. Nilimwambia aseme yeye ni bora kuliko wengine. Alisema akitazama sakafu. Nikamwambia hapana, anitazame usoni, kwa nguvu, kama mtu anayejiamini. Akaniinulia macho. “Mi niko bora kupita bengine bote,” alisema, bila kupepesa, jinsi nilivyotaka, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yetu kumsikia akisema jambo asiloliamini.