Daktari Anataka Ndama

Sina ugomvi na Kiingereza kwa jumla. Ugomvi wangu ni na neno moja tu, calf, linalotamkwa "kaf", ambalo siku moja nusura liondoke na mguu wa baba yangu.

Baba ana ng'ombe wachache huko Karuba. Msimu ule wa mvua alikuwa anatengeneza ua wa malisho, akateleza, ncha ya mwanzi ikamchoma nyuma ya mguu. Akajitia ukaidi, akaosha kwa maji ya chumvi na kurudi kukamua. Mguu ulivimba hadi suruali ikakataa kupanda. Ndipo mama na mimi tulipompakia kwenye pikipiki mpaka kituo cha afya.

Tulimkuta daktari mgeni, wa kupita, asiyejua Kifaransa wala Kiswahili. Mkalimani wake alikuwa amelazwa na malaria. Muuguzi akaniuliza kama si mimi niliyesoma Kampala, kisha akaenda zake kuchanja watoto. Nilisoma Kampala, ndiyo, lakini nilisomea umeme. Kiingereza changu kilikuwa cha nyaya na cha sokoni. Nikakubali hivyo hivyo. Mtu hukubali mambo mengi akiangaliwa na mama yake.

Daktari aliubonyeza mguu, akakunja uso, akasema polepole ili nimfuate. Nilisikia kila neno: kukata, calf, leo hii, la sivyo atapoteza mguu. Calf nililijua vizuri tangu sekondari, kwa picha ya ng'ombe na mtoto wake kando. Na kwa kisu, ndama hukatwa kwa namna moja tu ninayoijua.

"Papa," nikasema, "docteur anasema tuchinje mutoto ya ngombe leo. Kama hapana, utapoteza muguu."

Baba ni shemasi. Aliniuliza kama nimesikia sawasawa. Nikamrudia daktari, naye akasema yaleyale, sasa akionyesha kwa kidole jinsi kisu kitakavyopita. Nilichanganyikiwa kabisa. Mtu wa koti jeupe amevuka bahari kuja kututaka damu ya mnyama? Au ni dawa, au mchuzi wa mifupa? Mama peke yake hakushangaa. Yeye ni wa Walikale, na kwao ugonjwa ukikaidi, wako wazee ambao bado huomba mnyama wa kafara, hata kama Jumapili wote wanaonana kanisani.

"Ile mambo tuliachaka," baba akasema. "Heri muguu iende."

Akaanza kuvaa kiatu, kiatu kikakataa. Daktari akamsihi, mimi nikatafsiri, na kadiri nilivyotafsiri ndivyo baba alivyozidi kuamini kwamba anajaribiwa. Niliogopa. Niliona kabisa kwamba baba atarudi nyumbani na mguu ule, na kwamba ugonjwa hautamsubiri. Mama akatoka bila kuaga. Nilidhani ameenda kulia.

Alirudi kwa pikipiki, nyuma ya motari, amemkumbatia ndama mapajani, miguu yake imefungwa kamba. Alikuwa ndama wake mwenyewe, aliyepewa na kaka zake, kitu pekee bomani kilichoitwa chake.

"Mwambie akate huyu," akaniambia, "lakini muguu ya papa yenu ibakie."

Daktari akaniuliza hicho ni nini. Nikajibu: calf. Alimtazama ndama, akanitazama mimi, akarudi kwa ndama. Kisha akainama, akapandisha suruali yake, akajipiga kwenye ile nyama nene ya nyuma ya mguu, chini ya goti. "Calf," akasema.

Nilitamani sakafu inimeze. Nilipoeleza, baba alijilaza mwenyewe kitandani. Usaha ulitoka, na mguu ukapona.

Baadaye nililitafuta neno hilo kwenye simu. Nikasoma kwamba ni maneno mawili: la ndama ni la Waingereza wa kale, la mguu lililetwa na watu wa kaskazini. Mbele kidogo nikasoma kwamba huenda yote mawili yametoka katika neno moja la zamani zaidi, lenye maana ya kuvimba. Huenda! Basi ni moja au ni mawili? Mpaka leo sijui. Ila nisiwacheke sana. Sisi Kiswahili chetu sanifu huiita nyama hiyo shavu la mguu. Mkalimani kama mimi angeweza kumfunga mgonjwa bandeji usoni.

Siku ile, tukisubiri pikipiki ya kurudi, baba alimuuliza mama kama bado anaamini mambo ya kwao.

"Sikuamini kitu," mama akajibu. "Niliona tu muguu yako."

Ndama yule sasa ni ng'ombe mzima, amezaa. Kila asubuhi baba humkatia majani yeye kwanza, kabla ya wale wake.