Basi Lililompigia Magoti Shangazi Yowana

Shangazi Yowana hakuwa ametoka Nyanza-Lac tangu siku ile wapakizi wawili walipomshika makwapani na kumpandisha kwenye basi dogo kama jerikani la mawese. Ngazi zilikuwa juu, magoti yake mabovu, na kitenge chake kilibaki chini mbele ya soko zima. Aliapa habebwi tena. Hata dada yake wa Minago alipougua, alituma salamu tu. Kwa hiyo mfanyabiashara mmoja wa kwetu alipoleta basi kuukuu la mjini kutoka Ulaya, lenye sakafu ya chini na lisilo na ngazi hata moja, nilimwambia shangazi avae viatu.

Asubuhi, stendi ya Nyanza-Lac. Dereva alibonyeza kitufe, basi likashusha pumzi ndefu, upande wa mlango ukainama hadi karibu na ardhi.

"Iko inapiga magoti," shangazi alisema.

"Inakungojea wewe, mama," dereva akajibu.

Akaingia kama anayeingia sebuleni kwake. Nyuma yake akaingia mbuzi, ambaye naye hakuona sababu ya kubaki nje. Mwenye mbuzi alimfuata, akajaribu kumtoa, akashindwa, akakaa naye.

Kabla ya Rumonge tulifika kwenye tuta la barabarani. Tumbo la basi likalikalia, magurudumu yakazunguka bure. Tulishuka kusukuma. Halikusogea. Ndani walibaki shangazi na mbuzi.

"Mama, ushuke kidogo," dereva aliomba kwa upole. "Bisi iko nzito."

"Nzito na nani?"

Wasukumaji wote wakageuka kutazama ziwa lililo kando ya barabara. Nami niliogopa: akikasirika sasa, hatatoka nyumbani tena maisha yake yote. Shangazi alijifunga kitenge vizuri. Kisha akainuka, akashuka mwenyewe, mbuzi nyuma yake. Tukasukuma mara moja tu, basi likavuka.

Tukapanda tena, kila mtu akiangalia viatu vyake.

"Mbuzi ile," shangazi alisema, "muipunguzie chakula."

Tulicheka mpaka dereva akashindwa kuendesha.

Mchana, Minago. Dada yake alitoka nje akijikongoja, akachungulia nyuma ya shangazi.

"Nani amekubeba?"

"Hakuna mutu. Nimekuja na miguu yangu."

Walikumbatiana, wakalia kidogo, kisha wakaanza kugombana nani kazeeka zaidi. Siku zote tulizokaa pale, ugomvi huo uliliwa pamoja na mukeke wa kukaanga, samaki wa ziwani.

Wakati wa kurudi, dereva alikuwa amepata akili. Kila tuta, basi lilipiga magoti, tukashuka, tukavuka kwa miguu, tukapanda tena. Shangazi alikuwa wa kwanza kushuka, akiwaamkia wa kando ya barabara, "Amahoro," na kukaa kuongea nao mpaka tumwite. Tulipofika Nyanza-Lac alikuwa amealikwa ubatizo mmoja na harusi ya watu asiowajua.

Miaka yote nilidhani uzee ndio uliomfungia shangazi ndani. Kumbe zilikuwa ngazi tu. Jumapili iliyopita nilimpelekea samaki, nikakuta kufuli mlangoni.

"Iko Rumonge," jirani aliniambia. "Amesema usimungojee."