Rangi ya Kikwembe cha Bibi

Hebu mwone Gustave akitokeza juu ya ngazi za ghorofa lile refu la South Beach, mjini Durban. Lifti imegoma, jasho linamchuruzika, na kifuani amekumbatia kitu kilichoviringishwa kwenye blanketi ya mtoto. Ungedhani ni kichanga. Ni projekta. Anahema, lakini uso umemkunjuka, maana leo ameitiwa kazi anayoipenda.

Siku za kawaida Gustave hubadilisha vioo vya simu katika duka dogo kule Point. Mwisho wa juma ni mtu mwingine. Kanisa, harusi, mechi ya mpira, popote penye ukuta mweupe wanamwita, na ndiyo maana Wakongo wa hapa wamembandika jina la Papa Ukuta. Hakuna aliyemfundisha. Alifungua projekta iliyotupwa jalalani, akaiharibu kabisa, akatafuta nyingine.

"Papa Ukuta, karibu! Ingia haraka," Mama Deborah alimpokea mlangoni. "Huyu Henriette ananiua na maneno."

"Mi sikuui, yaya. Nakuambia kweli tu," mdogo wake akamjibu dada yake kutoka kwenye kochi. "Ilikuwa kijani."

"Njano!"

Mireille, binti wa Deborah, alikuwa anaolewa. Upande wa bibi harusi ulitaka kushona kikwembe, yaani kitenge, kama kile alichovaa marehemu bibi yake siku Deborah mwenyewe alipoolewa kule Bukavu. Na lazima kiwe cha rangi moja, maana familia ikiingia ukumbini na rangi mbili, watu watanong'ona kwamba imegawanyika. Kitambaa chenyewe kilipotea wakati wa kukimbia vita. Kilichosalia ni kanda ya video ya harusi, na kanda hiyo, tangu ifike Durban, ilitoa picha nyeusi na nyeupe tu. Ndege waliochorwa kwenye kitambaa walionekana hadi manyoya. Rangi, wapi! Fundi Machano alikuwa ameshapata vitambaa vyenye ndege walewale, cha njano na cha kijani, na leo hii alikuwa anangoja kuambiwa akate kipi.

Gustave akafunga mapazia, akaunganisha deki yake, akasukumia kanda. Bibi akatokea ukutani, mkubwa kuliko mlango, akicheza kwa mabega. Kijivu kitupu.

"Rangi ilikufa," akasema Henriette. "Kanda imezeeka kama sisi."

"Kama wewe," dada yake akamrudishia.

Gustave akasafisha deki. Akabadilisha waya. Kijivu. Sasa jasho lake halikuwa tena la ngazi.

Ndipo akaingia Papa Vénérand, jirani wa mlango wa pili, aliyevutwa na harufu ya sombe, kisamvu kilichokuwa kikichemka jikoni. Akautazama ukuta, akaangua kicheko.

"Hiyo ni ugonjwa wa deki yangu! Kule kwetu ilikuwa inatoa rangi, hapa kwa televisheni yangu ni nyeusi-nyeupe. Sasa naiwekea pasi juu."

"Durban nzima ni wewe peke yako ulikimbia vita na deki," Henriette akamchokoza. "Wenzako walibeba nguo."

"Shemeji, nguo iko hata hapa."

Gustave aliinuka kama aliyeumwa na siafu. "Papa, rudia! Kule rangi, hapa hakuna?"

Unajua, rangi ya video ni kama lugha. Kule Kongo walitumia mfumo wa SECAM, uliotoka Ufaransa. Afrika Kusini wakachukua PAL. Deki ya Durban ikisoma kanda ya Bukavu inaelewa picha, lakini rangi haiielewi, basi inaiacha. Deki ya Vénérand iliielewa. Televisheni yake ndiyo iliyokuwa kiziwi. Na projekta ya Gustave? Hiyo ilijua lugha zote mbili!

"Toa pasi! Leta deki, leta!"

Ikaja na vumbi lake. Wakachomeka, wakarudisha kanda mwanzo. Ikaguna, ikakohoa, picha ikatokea. Kijivu.

"Eish," Vénérand akashusha pumzi.

Gustave akajipiga kofi kwenye paji la uso. Ni yeye mwenyewe aliyeifungia projekta kwenye PAL siku ile ile aliyoinunua. Durban yote ni PAL, nani angehitaji kingine? Akafungua menyu, akateremka polepole hadi SECAM. Akabonyeza.

Ukuta ukayumba, ukawaka.

"Iko rangi! Yesu wangu, iko rangi!" Deborah akarukaruka hadi sahani zikalia kabatini. Udongo mwekundu wa Bukavu, midomo ya wasimamizi iliyopakwa rangi, na mbele ya kanisa bibi mwenyewe, ndani ya njano ya kiini cha yai. "Nilisema nini? Njano!"

Henriette akasogea hadi ukutani. Alikuwa ameziba mdomo, akimtazama mama yake.

Kanda ikaendelea. Watu wakatoka kanisani, wakaingia ukumbini, bibi akatokea tena akicheza kwa mabega. Ndege walewale, lakini juu ya kijani! Kumbe alibadilisha nguo, na kijivu kiliwaficha siku zote hizo. Pembeni yake msichana mdogo ameng'ang'ania pindo la kikwembe.

"Huyo ni mimi," Henriette akasema kwa sauti ndogo.

Simu ya Deborah ikaita. Ilikuwa Machano. "Mama, mkasi uko mkononi. Nikate kipi?"

Deborah akamtazama mdogo wake, kisha wote wawili wakamgeukia Gustave, kana kwamba ukuta wake ungejibu na hilo. Gustave akakuna kichwa. Nawe uliyeketi nasi hapa, ungemwambia Machano akate kipi?