Gari la Mama Mikate Linakunywa Maji

Kila asubuhi, kabla ya chai, baba mdogo alifungua boneti za magari ya haibridi, ya petroli na umeme, yaliyolala gerejini kwetu, akachora mstari mweusi kwenye tangi la plastiki, pale maji ya kupoza injini yalipofika. Pembeni aliandika siku. Jumanne. Jumatano. Ndipo akashuka shimoni.

Shimo ni lile la kukagulia magari kwa chini, upana wake mabega ya mtu. Gari likishapandishwa juu yake, ndilo paa. Ngazi ni moja tu, upande wa mbele, na hapo hapo Baba, kaka yake na mwenye gereji, huweka kiti chake. Baba mdogo akitaka kutoka husema, "Hodi, kaka," na kaka husogeza miguu. Miaka kumi na tisa.

Baba alimchukua wazazi wao walipofariki, akamfundisha kushika spana, akampa chumba nyuma ya stoo ya matairi, chenye dirisha linalotazama ukuta. Mara mbili mafundi wenzake walimwita wakafanye kazi pamoja. Mara mbili alivaa shati safi akaja kuaga. Baba hakugomba. Alimuuliza tu, "Utaenda wapi, mdogo wangu? Nani anakujua?" Baba mdogo akarudi chumbani kubadilisha shati. Niliona, nilikuwa nafua uani.

Gereji yetu ina sheria ya boksi. Gari likipoteza maji, Baba hutandika boksi lililokunjuliwa chini yake mpaka asubuhi. Boksi likilowa, ni mpira wa maji au rejeta inayovuja. Likibaki kavu, maji yanaungulia ndani, gasketi ya injini imekwenda. Sheria hiyo ni ya tangu magari ya zamani, na watu walimsifu Baba kwayo.

Gari la Mama Mikate lilikuja mara ya tatu. Ni haibridi ndogo, siti za nyuma zimeng'olewa ili kreti za mikate zikae. Lisipotembea, mikate inachacha. Injini yake tulishaifungua mara mbili, gasketi mpya mara mbili, na maji bado yanapotea. Boksi, kavu.

"Gasketi," Baba alisema.

"Kaka, hii ya tatu. Hata suruali haichaniki pale pale mara tatu."

"Boksi limelowa?"

"Halijalowa."

"Basi fungua injini."

Hakufungua. Magari hayo yana kidude kwenye ekzosi, kama kopo la chuma. Maji ya injini hupita humo kuchukua joto la moshi, ili injini ipate moto upesi. Baba mdogo alifunga pampu ya mkono kwenye tangi, akasukuma presha gari likiwa baridi, akashuka, akalegeza bomba nyuma ya kopo na kuchomeka kitambaa cheupe. Akakaa kusubiri. Kopo likitoboka kwa ndani, maji hayadondoki chini. Yanatoka nyuma pamoja na moshi, mvuke mtupu. Boksi litajuaje?

Mama Mikate akaingia.

"Gasketi tena, mama," Baba alimwambia kutoka kitini. "Injini hizi zina kiburi."

"Fundi, mimi mkate naoka mara moja tu."

"Si gasketi, mama," sauti ilisema chini.

Mama Mikate akainama. "Makubwa. Gari langu limeanza kusema?"

"Linajikojolea ndani ya ekzosi. Tazama." Mkono ukatokeza karibu na gurudumu, umeshika kitambaa. Kilikuwa na doa la waridi, rangi ya kulanti, maji ya kupoza tuliyoongeza wiki iliyopita.

Mama Mikate alicheka. Baba hakucheka.

"Shuka uone, kaka."

"Nilikufundisha mimi. Sishuki shimoni ukanifundishe wewe."

"Basi tazama kitambaa."

Baba akatazama barabarani.

"Hodi, kaka."

Miguu haikusogea. "Ukitoka na maneno hayo, utaenda wapi?"

Baba mdogo alirudi chini ya gari. Nikadhani yameisha, kama zile siku za shati. Mara nikasikia spana. Alikuwa anaunganisha mipira miwili moja kwa moja, maji yasipite tena kwenye kopo. Alipomaliza alijivuta kwa nyuma, chini ya bampa, pasipo na ngazi. Sikujua kwamba mtu anaweza kupita pale. Alitoka na vumbi mpaka kwenye kope.

Aliongeza maji, akatoa hewa. "Asubuhi litachelewa kidogo kupata moto," alimwambia Mama Mikate. "Usiogope." Akachora mstari, akaandika Alhamisi. Akanawa mpaka viwikoni, akanipa kalamu.

"Mwanangu, kesho uangalie mstari."

Akapita getini na shati lile lile la mafuta.

Ijumaa Mama Mikate alipokuja na mikate, nilifungua boneti. Maji yalikuwa mstarini. Nilitaka kumwambia baba mdogo. Hajarudi.