Mama Mkwe Nyuma ya Kapo

Katika ukoo wa mke wangu, wenye asili ya Kasai, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni, wala hakai naye kupiga soga. Tangu tuoane, maneno yetu yalipitia kwa mke wangu, hata tukiwa ua mmoja.

Asubuhi ile mke wangu alikuwa kazini. Mama mkwe akaja na gari analoendea ziwani Tshangalele kununua samaki wa kuuza hapa Likasi. Lilitetemeka na halikuwa na nguvu. Akageukia ukuta, akasema anaogopa litamzimikia njiani. Mimi ni fundi umeme wa kiwandani, si wa magari, lakini ningemrudishaje?

Nikamwomba abaki kwenye usukani, injini ikiwaka. Nilipoinua kapo, kile kifuniko cha injini, ikawa hatuonani.

Kila silinda ina bobini yake, inayoipelekea buji umeme wa kutoa cheche. Nikachomoa waya wa bobini ya kwanza.

"Mama, inabadilika?"

"Inatetemeka zaidi."

Nikaurudisha, nikachomoa wa pili. Ikawa hivyo hivyo. Wa tatu haukuleta tofauti yoyote.

"Na sasa?"

"Iko vile vile tu."

Basi silinda hiyo ndiyo iliyolala. Alipozima, nikabadilisha bobini yake na ya kwanza, nijue kama ubovu ni wa bobini au wa buji. Injini ilipowaka, silinda ya tatu ilikuwa imeamka, na ya kwanza ndiyo iliyolala. Kumbe ni bobini.

Nilikuwa bado nimeinama pale aliponiuliza, "Mukwe, mutoto wangu anakuchunga muzuri?"

Nilijibu kwamba binti yake ananitunza vizuri. Kisha, kwa kuwa hakuwa akiniona, nikaongeza kuwa tangu tulipomzika mtoto wetu haimbi tena jikoni, nami sijui la kufanya.

"Miye pia niliacha kuimba," akasema. "Baba yake akaanza kuimba pa fasi yangu. Alikuwa anaimba mubaya sana."

Nilipata bobini nyingine kwa wauza vipuri vya mitumba. Injini ikatulia. Nikafunga kapo, naye akageuza uso, akaondoa gari.

Jioni nikaosha vyombo huku nikiimba wimbo wa kanisani. Mke wangu akasema nimeukosea. Hakuimba, lakini alivuta kiti akaketi, akasikiliza mpaka mwisho.