Pini Nyuma ya Kofia

Siku yangu ya kwanza kazini nilijichoma pini mara tatu kabla ya adhuhuri, na mara ya tatu nikaacha tone la damu kwenye kola ya dishdasha nyeupe, kanzu ya Kiomani. Fundi Mkuu, mpiga picha wetu, aliitazama kola, akanitazama na mimi. "Bi Zuwena," akasema, "bwana huyu atakaa upande. Mgeuze, damu isionekane." Ndivyo nilivyoingia kazi ya picha, Matrah huku Omani, mwaka 1964, mjane niliyetoka Unguja na sanduku moja na mtoto wa kike.

Nyinyi vijana wa leo mnajipiga picha kumi kabla hamjanawa uso, kisha tisa mnazifuta. Sikulaumuni. Lakini wakati wetu picha moja ilitayarishwa wiki nzima, na mtu akikosea anakosea mbele ya ukoo wake mpaka kufa.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha ghorofani chenye dirisha pana. Tulitegemea jua. Tuliweka shuka jeupe upande wa pili ili mwanga urudi usoni, pasiwe na kivuli kikali chini ya pua. Fundi Mkuu alikuwa mzaliwa wa Matrah aliyejifunza ufundi Mombasa, mfupi wa maneno, mwepesi wa hasira. Kamera ilikuwa yake. Kazi yangu iliitwa kutayarisha: kupiga pasi, kupaka poda, kunyoosha mabega, kuwavalisha wanawake nyuma ya pazia ambako yeye haingii. Na kubana pini.

Pini zilikuwa ndiyo siri ya kazi yetu. Palikuwa na dishdasha moja ya studio, kubwa, iliyovaliwa na kila asiyekuwa na nguo ya maana. Mnene ilimtosha. Mwembamba nilimbana mgongoni, pini saba au nane, mbele ikalala kama iliyoshonwa kwa ajili yake. Aliyekuwa na pini mgongoni alisimama wima bila kuambiwa. Niliposikitika mara ya kwanza, Fundi Mkuu alinicheka. "Picha haina mgongo," akasema. Maneno hayo niliyachukua kama sharia.

Msimu wetu mkubwa ulikuwa wa vijana wanaomaliza skuli. Skuli mjini zilikuwa za kuhesabika kwa vidole, na wanaofika darasa la mwisho walikuwa wachache, kwa hiyo picha ya kumaliza ilitundikwa kwenye majlisi, chumba cha kupokelea wageni, hata kabla ya picha ya harusi. Niliwataka waje wiki moja kabla niwape masharti. Nywele wanyoe siku tatu nyuma, siyo siku ile, maana ngozi iliyonyolewa sasa hivi hung'aa pichani. Uso usipakwe mafuta. Dishdasha ifuliwe na buluu, itiwe kanji ya maji ya wali, ipigwe pasi ya makaa ikiwa na unyevu. Asubuhi ya picha wasile chochote cha manjano. Hilo la mwisho nililiweka baada ya kijana mmoja kunijia na mchuzi kifuani.

Seif alikuja mwaka 1969. Alikuwa ameletwa Maskati na ami yake akiwa na miaka kumi na mitatu, na mama yake akabaki Unguja kumuuguza bibi yake Seif, akisema atafuata. Hakufuata. Kila mwaka palitokea jambo. Barua zao zilipita Mombasa, mkononi mwa msafiri, na nyingine hazikufika. Mimi nilimpenda Seif kwa sababu alisema Kiswahili cha mtaani kwetu, na kwa sababu alikuwa mpole bila ya kuwa mjinga.

Siku ya kupewa masharti alikuja na barua na kofia. Kofia ilikuwa ya viua, vile vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, kazi ya miezi. Mama yake aliishona kabla ya kuagana, kwa kipimo cha kichwa cha marehemu mumewe, akiamini mwanawe atamaliza skuli akiwa na kichwa cha baba yake. Seif alinisomea barua: "Mwanangu, siku ya picha vaa kofia niliyokushonea. Nnataka kuona kama imekukaa."

Fundi Mkuu hakutaka. Picha ya skuli ni ya kilemba, alisema, nani atamjua kama ni mtu wa hapa? Nikashindana naye nusu saa nzima, na mimi nikianza kushindana siyo mtu wa kunyamaza. Akasalimu amri. Nikaichukua kofia nyumbani, nikaifua, nikaitia kanji, nikaikausha juu ya bakuli ili isipoteze mviringo. Ilisimama imara, nyeupe pepe. Nilijiona fundi.

Siku ya picha nilimvika mwenyewe. Kofia ilishuka mpaka kwenye nyusi.

Seif alijitazama kwenye kioo akacheka kidogo. "Baba alikuwa na kichwa kikubwa kweli," akasema. Kisha akaacha kucheka. "Haya, Bi Zuwena. Tupige hivi hivi."

"Hivi hivi vipi? Unaonekana masikio tu."

"Mama kauliza suali. Tumjibu."

"Mama'ko yuko mbali, mwanangu. Kesha kukukosa wewe, umtie na huzuni ya kofia? Simama hapo."

Niliilowesha kidogo kwa nyuma, nikaipiga marinda mawili, nikabana pini tatu. Kofia ikapanda, ikakaa juu ya paji la uso pale pale inapotakiwa. Seif alisimama wima. Fundi Mkuu akatoa kichwa kwenye kitambaa cheusi cha kamera, akaniangalia, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Hakuwahi kunisifu kwa maneno, na siku ile nilikwenda nyumbani nikiwa na furaha ya sifa ile.

Picha ilipelekwa Unguja kwa mkono wa msafiri, na majibu yalikuja baada ya miezi. Seif alipanda ngazi za studio na barua, lakini hakukaa. Alinisomea akiwa amesimama. Mama yake alisema ameionyesha picha mtaa mzima. Kofia imemkaa kama ilivyomkaa baba yake. Sasa kipimo anakijua, na ameanza kumshonea ya harusi kwa kipimo hicho hicho, ingawa macho yake hayaoni tena vizuri na jirani ndiye anayemtungia uzi sindanoni.

"Nnataka kumwandikia ukweli," Seif akasema. "Aache. Anajiumiza macho kwa kichwa cha mtu mwengine."

Hapa ndipo ninapotaka mnisikilize, nyinyi mtakaofanya kazi yoyote ya kumpamba mtu. Nilikuwa na nafasi. Kijana alikuja kuniuliza, naye alikuwa keshajua la kufanya. Mimi nikamwambia, "Mwache afurahi. Ikifika, ntakutilia pini."

Akanitii. Nilikuwa mkubwa wake, sauti ya nyumbani kwao, na akanitii. Sijasamehe ulimi wangu mpaka leo.

Mwaka 1970 msafiri alimletea Seif kifurushi. Ndani yake mlikuwa na kofia na khabari ya msiba. Mama yake alifariki siku chache baada ya kuimaliza. Seif alikuja studio nasi tumeshasikia, na Fundi Mkuu alisimama kumpa mkono wa pole, jambo ambalo sikumwona akimfanyia kijana mwengine. Kisha Seif akanipa ile kofia niishike. Viua vya nyuma vilikuwa sawasawa. Vya mbele, alivyovimalizia mwisho, vilikwenda upande, vingine vikubwa, vingine vimeungana. Alikuwa hauoni tena uzi wake.

Nilikaa chini nikalia. Hakunifariji, wala sikustahiki.

"Nipigeni picha," akasema.

Akaivaa. Ilishuka kama ile ya kwanza, mpaka kwenye nyusi, masikio yakajikunja. Mikono yangu, kwa mazoea tu, ikaenda kwenye kopo la pini. Akanishika kiganja, siyo kwa nguvu.

"Leo usiniguse, Bi Zuwena."

Fundi Mkuu alivuta shuka, akapiga. Picha ilipokauka Seif aliitazama muda mrefu, kisha akanipa mimi. "Hii ndiyo ilikuwa iende kwake," akasema. "Wewe ndiye uliyeizuia. Basi kaa nayo."

Baada ya hapo alikuja mtawala mpya, nchi ikafunguka, ofisi zikazaliwa kila upande, na kila mtu akahitaji picha ya pasipoti. Nikahamishiwa idara ya serikali, chumba cha wanawake, chini ya Mkuu wa Sehemu aliyependa foleni kuliko watu. Nikahudumu miaka mingi. Sikubana mtu pini hata siku moja. Wenzangu walinitania, wakasema Bi Zuwena anaacha watu watoke na mikunjo kama walivyoamka. Niliwaacha waseme. Seif naye alipata cheo, akaoa, na harusini alivaa kilemba. Tukikutana tunaamkiana vizuri. Ile habari hatujaitaja tena.

Nimestaafu, nakaa Sib, nje kidogo ya Maskati, kwa binti yangu. Kamera sina, kopo la pini nililitupa. Picha ile ninayo. Mwezi uliopita mjukuu wangu, anayemaliza skuli mwaka huu, aliikuta akitafuta mfano wa pozi la picha yake. Akaishika, akacheka kwanza, kisha akaniletea.

"Bibi, na wewe ulikuwa mtayarishaji. Mbona huyu hukumtengeneza?"

"Huyu," nikamwambia, "alikuja tayari."