Waliosema Binti Yangu Ndiye Aliyeuleta

Binti yangu alirudi kutoka Saudia mwaka wa barakoa, baada ya miaka minne ya kufulia watu wengine. Alirudi kukaa. Tulikuwa tumepanga auze nami supu ya vichwa vya mbuzi pale Kiamaiko, kwenye soko la mbuzi. Uwanja wa ndege walimchokora pua, wakamwambia aende nyumbani angojee majibu.

Kwenye ploti yetu ya Kariobangi, mtu akitoka ng'ambo sanduku hufunguliwa watu wakiwa wamekaa. Akatoa mablanketi matano manene yenye maua, akawagawia majirani watano. Rafiki yangu mshonaji, wa mlango wa tatu, alijifunga lake akazunguka nalo uani kama bibi harusi. Tulicheka mpaka barakoa zikateremka kidevuni.

Siku ya nne gari la afya likaja na king'ora. Watu wawili wakashuka wamevaa nyeupe mpaka vidoleni, utadhani wanaenda kuvuna asali. Majibu yalikuwa mabaya. Wakamhoji mlangoni, ploti nzima imetoa vichwa madirishani: Ulikaa kiti gani kwenye ndege? Umemshika nani mkono? Umempa nani nini? Wakamchukua, wakamfungia karantini. Hata kikohozi hakuwa nacho.

Wiki iliyofuata rafiki yangu akaugua. Akafa hospitalini, peke yake.

Asubuhi ya mazishi nilifungua mlango nikakuta mablanketi manne yametupwa kizingitini. Lile la tano, la marehemu, watu wake walilichoma kando ya mtaro. Nikayaokota yale manne, nikayafua, nikayafungia sandukuni.

Binti yangu alipoachiliwa, akienda mferejini wanawake walikuwa wanainua mitungi yao na kuondoka. Mmoja alimtazama machoni akamwambia, "Dada, si ungebaki tu huko kwa Waarabu?" Binti yangu aliinama akakinga maji. Mimi nilimjibu, na maneno yale siyaandiki hapa. Ndege zilipofunguliwa, akarudi Saudia.

Miezi ikapita. Nikiwa natoa manyoya ya kichwa cha mbuzi kwa kisu cha moto, simu ikalia. Alikuwa msichana wa afya, sauti ya upole kama anaongea na bibi yake.

"Shosho, tulipeleka vile vipimo maabara. Virusi vina ukoo, kama watu. Tunavifuata tujue kila ukoo uliingilia wapi. Cha binti yako ni cha kule alikotoka, na hatujakiona kwa mwingine. Kilichomuua jirani ni ukoo mwingine. Ulikuwa umeenea hapa mjini kabla ndege ya binti yako haijatua."

Sikuhitaji kurudiwa. Mimi ni wa darasa la tatu, lakini nipe kichwa cha mbuzi hata kimeshachomwa, nitakwambia kama ametoka Garissa au Kajiado.

Nikamuuliza, "Mwanangu, mlikuja na king'ora. Kwa nini hii mnaileta kwa simu?"

"Shosho, gari ni la wagonjwa."

"Basi njoo kwa miguu. Simama pale mferejini, uwaambie vile umeniambia."

Akasema ataongea na mkubwa wake. Mpaka leo wanaongea.

Nikaenda mwenyewe mferejini. Nikawaeleza kwa mfano wa mbuzi, maana hapa mbuzi kila mtu anamjua. Walinisikiliza. Halafu yule wa mdomo, wa "kwa Waarabu," akasema, "Shosh, corona si mbuzi," wakacheka, wakaendelea kukinga maji. Walikuwa wameshazoea kumlaumu binti yangu. Kuacha kungewapa kazi.

Jioni nikampigia binti yangu; habari ya maabara nilikuwa nimeshampa.

"Umewaambia, mama?"

"Nimewaambia."

"Wamesemaje?"

Sijui kusema uongo haraka. Nikakohoa. Akanisikia nikikohoa, akaelewa.

"Sawa, mama. Nimesaini kontrakti nyingine."

Julai hii baridi ilituingia mifupani. Nikasikia hodi. Nani? Yule yule wa "kwa Waarabu," kajikunyata ndani ya leso.

"Mama, habari za asubuhi? Eti lile blanketi langu bado liko?"

"Liko."

Akatabasamu, akaanza kuvua viatu aingie.

"Vaa viatu vyako," nikamwambia. "Liko sandukuni, safi, linanukia. Aliyekupa ndiye atakayekupa tena, kwa mkono wake, siku utakayompigia umwambie si yeye aliyeuleta ugonjwa. Namba yake ninayo hapa. Nikusomee?"

Akavaa viatu, akageuka kuondoka.

"Basi baridi ikutafune," nikasema, nikafunga mlango.